Mke Mwenza Ndani ya Sikio

Kabla hujaendelea kunisoma tuelewane kwanza: haya yote ni kweli. Si ile kweli ya jukwaani wakati wa uchaguzi. Ni kweli ya kuapia. Kama nimezidisha hata neno moja, kompyuta yangu na isiwake tena mpaka nife. Jana kweli haikuwaka, lakini ule ulikuwa waya tu, na nimeshaufunga kwa gundi.

Naitwa Mbaruku. Nimestaafu kazi ya kuchochea tanuri la kiwanda cha chai huku Usambara, kazi iliyonifundisha kusikiliza mashine inapolalamika na kumdanganya meneja bila kupepesa macho. Kompyuta hakunifundisha mtu. Kiwanda kilipoondoa tanuri na kuweka mtambo wa umeme usiohitaji mchocheaji, waliniaga kwa soda, hotuba, na leptopu kuukuu. Leptopu yenyewe ilikuwa imekufa. Nadhani ndiyo sababu walinipa.

Nikaifufua kwa Kinyonga.

Kinyonga ni mfumo endeshi, yaani yule mnyapara anayekaa ndani ya mashine na kuwaambia wengine nani afanye nini. Mifumo ya kununua ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amebaki na ufunguo wa jiko. Kinyonga ni nyumba isiyo na mwenyewe. Milango yote iko wazi, kila mpita njia anaweza kuingia akatengeneza dirisha, na kila aliyewahi kuingia ameacha nyundo yake sakafuni. Ameandikwa na maelfu ya watu wa dunia nzima ambao hawajawahi kuonana na wanagombana kama wanaochangia ukuta mmoja. Anakwenda taratibu, anabadilika rangi bila kuulizwa, na jicho moja linatazama huku na lingine kule. Jina lilimfaa.

Nilipomweka mara ya kwanza, sauti ilitoka lakini kipanya hakikusogea. Nikarekebisha kipanya, sauti ikapotea. Nikauliza kwenye jukwaa la watumiaji, bwana mmoja wa Ajentina akanijibu: "Soma mwongozo." Nikausoma. Ulikuwa umeandikwa na mtu anayeamini kwamba msomaji tayari anajua. Ikanichukua msimu mzima wa mvua kufanya kipanya na sauti vikubali kuishi pamoja, na siku vilipokubali nilitoka nje nikacheza peke yangu kwenye tope. Toka siku hiyo nimeshikwa. Nimemweka Kinyonga kwenye pasi. Nimemweka kwenye mashine ya kukoboa mahindi, ikawa inakoboa huku ikitangaza hali ya hewa, na wateja wakawa wanakuja kwa ajili ya hali ya hewa. Nimemweka kwenye mzinga, nyuki wakaanza kupanga foleni.

Lakini kisa hiki ni cha sikio.

Siku hizi huku kwetu mzee asiye na sikio la kupachika ni mzee anayejidai. Bodaboda zote ni za umeme, zinateleza kimya barabarani kama mafuta kwenye kikaango. Sheria inazilazimisha zitoe mlio, ila mlio wenyewe ni mwembamba mno, na sikio la kuzaliwa nalo likishazeeka haliupati. Kwa hiyo zahanati wanakupachika kidude nyuma ya sikio, kadiri ya punje ya harage. Masikio ya kampuni ni mazuri, ila yanakupigia tangazo la sabuni hata ukiwa msibani. Sisi wengine tunatumia yale yanayoendeshwa na Kinyonga. Hayana matangazo. Yana mambo mengine.

* * *

Nilimsikia Bi Mwajabu kabla sijafika uwanjani kwake. Ilikuwa alasiri, ukungu umeshashuka mpaka kwenye paa, baridi ya kuuma vidole.

"Sikutii!" anafoka. "Sikukutii ukiwa mzima, nikutii leo?"

"Hodi," nikasema.

"Subiri hapo, Mbaruku. Namjibu mtu."

Nikatazama huku na huku. Uwanjani alikuwepo yeye, jiko la kuni, na kuku mmoja aliyekuwa ameangalia pembeni kwa adabu.

Bi Mwajabu ni shemeji yangu. Marehemu kaka yangu alimwoa yeye kwanza, kisha akamwoa Bi Zawena, kisha akafa na kuwaachia wote wawili nyumba moja na jiko moja. Majirani wakangoja nani atahama. Hakuhama mtu. Walikaa humo wakigombana juu ya kuni, juu ya mlango, juu ya kuku nani kamwita nani hakumwita. Mmoja akiugua, mwenzake alimwuguza huku anamsema. Mwaka jana Zawena alifariki. Mwajabu hakutoa chozi mbele za watu. Alisema tu, "Kaondoka katikati ya maneno yangu," akaingia ndani kuosha vyombo.

"Unamjibu nani, shemeji?"

"Zawena. Kuna mwingine mwenye mdomo ule?"

"Zawena amefariki."

"Najua amefariki, mimi ndiye niliyemkosha. Sijakuuliza hilo. Chaja umeniletea?"

Nilikuwa nimeleta. Lakini nilikuwa na leptopu pia, nikamwomba nilitazame sikio. Akanisogezea kichwa kwa shingo upande, hataki kulivua. Nikaliunganisha, nikafungua spika, nikangoja. Mwanzo ulisikika upepo tu. Halafu, wazi kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya jiko:

"We Mwajabu! Hizo kuni mbichi. Unataka tufe kwa moshi?"

Nywele zilinisimama, na mimi nywele nimebakiwa nazo chache. Yule kuku alikimbia. Nilipokuja kusimulia baadaye nilisema kuku alizimia, lakini kusema kweli alikimbia tu.

"Si unaona," akasema Bi Mwajabu. "Na kuni ni kavu. Zimekaa darini tangu Mfungo Sita."

"Shemeji, hiyo ni hitilafu ya mashine."

"Kwani nimekuambia ni mzimu? Mimi si mjinga. Mashine ni mashine. Maneno ni ya Zawena."

Nikakaa pale pale kwenye kigoda nikafungua msimbo wa sikio, yaani maandishi yote yanayoliambia sikio lifanye nini. Kwa Kinyonga hayafichwi, anayetaka anasoma. Nikaisoma ile sehemu ya kumbukumbu kama nilivyokuwa nasikiliza tanuri, nikitafuta pale linapokohoa.

Sikio hujifunza sauti za nyumba ili lijue zipi za kupunguza. Hukusanya makombo ya sauti na kuyaweka kwenye ghala dogo. Kombo likizeeka linatakiwa litupwe. Sasa, saa ya ndani ya sikio ikipigwa na baridi huchelewa, na aliyeandika mstari ule alikuwa amegeuza alama moja: badala ya sikio kutupa kombo la zamani, linaliona ni jipya, linaliunga na wenzake na kulipiga kama sauti ya sasa. Wenzetu wa Dar es Salaam hawakuligundua kwa sababu kwao hakuna baridi. Wazungu wa kaskazini baridi wanayo, lakini wanavaa kofia za kufunika masikio. Tumebaki sisi wa milimani, wenye baridi na vichwa wazi.

Na Zawena alikuwa mwingi ghalani. Nani angekuwa mwingi zaidi? Mwanamke yule alifoka ndani ya nyumba ile asubuhi mpaka jioni.

"Ukiligusa nitakuvunja mkono," akasema Bi Mwajabu.

"Siligusi, shemeji."

Akauchomoa waya, akatega. Uso ukamkunjuka. "Eti majivu!" akasema, na si kwangu. "Majivu nimeyazoa mimi asubuhi, wewe ulikuwa wapi?"

* * *

Chama chetu cha watumiaji wa Kinyonga hukutana Jumapili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli la Namsifu. Namsifu ndiye mwenyekiti. Ni mama wa makamo, alikuwa fundi simu, ana sauti ndogo na hana mzaha. Jumapili ile Hemedi, muuza mapeasi, aliingia na mkono umefungwa kifuani.

"Bodaboda," akasema, kabla hajaulizwa. "Nilikuwa navuka pale njia panda. Nikasikia ngoma. Ngoma ya harusi ya binti yangu, na zumari lake. Nikasimama niifurahie."

"Katikati ya barabara?" akauliza Namsifu.

"Ngoma ilikuwa tamu."

"Harusi ya binti yako si ilikuwa mwaka juzi, Hemedi?"

"Ndiyo ninachokueleza! Mfupa wa bega umevunjika, na mapeasi ya watu yote yametawanyika barabarani. Yule kijana wa bodaboda anasema amepiga mlio mpaka amechoka. Mimi nilikuwa na zumari."

Watu wakacheka, naye akacheka, akashika bega, akaacha kucheka. Namsifu hakucheka kabisa.

"Leo ni bega," akasema. "Mlima huu una wazee wangapi wenye sikio hili? Mzee Mbaruku, wewe una pua ya kunusa hitilafu. Umeshakutana na kitu kama hiki?"

"Sijawahi," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nimezoea uongo wa kuchekesha, ule wa nyuki kupanga foleni, na huo haumvunji mtu bega. Huu ulikaa mdomoni kama kipande cha sabuni. Nikamtazama Hemedi akijaribu kumenya peasi kwa mkono mmoja, likimponyoka kila mara.

"Lakini nitatafuta," nikaongeza. "Naona kama nahisi lilipo."

Kurekebisha kulikuwa kazi ya dakika moja: unageuza ile alama, basi. Unatuma kiraka chako kwa walinzi wa Kinyonga, wanakipitia, wanakubali, na kila sikio linakipata lenyewe pale mwenyewe anapoliweka kwenye chaji. Na likishakipata, kabla halijafanya lolote, linafagia ghala. Makombo yote ya zamani yanakwenda. Huwezi kuyanakili yakahifadhiwa, kwa sababu si sauti kamili. Ni makombo tu, na ni ile hitilafu peke yake iliyokuwa inajua kuyaunga yawe Zawena.

Nilizunguka na jambo hilo siku kadhaa. Ningeweza kuliacha sikio la Bi Mwajabu peke yake bila kiraka. Lakini yeye huvuka njia panda ile ile kila siku kupeleka maziwa, na Zawena alikuwa na desturi ya kuanza kufoka mtu akiwa ndiyo kwanza anaweka mguu barabarani. Ningeweza kumweleza ukweli wote achague mwenyewe. Wazo hilo lilinijia, likasimama mlangoni, nami nikajifanya sijaliona.

Nikatuma kiraka. Kikakubaliwa. Yule bwana wa Ajentina aliandika chini yake: "Kazi safi." Wakati mwingine wowote ningekikata kile kimaandishi nikakitundika ukutani.

* * *

"Nasikia kuna marekebisho ya masikio," akasema Bi Mwajabu. Alikuwa anachambua mchicha, haniangalii.

"Yapo. Kwa ajili ya usalama, shemeji. Umeona ya Hemedi."

"Nimeyaona. Pole yake." Akatupa bua. "Na Zawena?"

Niambie wewe unayesoma, ungesemaje? Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya sinia. Mwanamke ambaye hakulia msibani alikuwa anangoja neno langu moja.

"Atakuwepo," nikasema. "Nitamfanyia mpango."

Akaendelea na mchicha.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Mimi tangu utotoni naweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Niliwahi kumwiga mnyapara wetu kiwandani, watu wakaacha kazi saa mbili kabla ya muda. Zawena nimemsikia zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nikajifungia chumbani mchana kweupe, nikajifunika blanketi kichwani ili mwangwi usiingie, nikaanza: "We Mwajabu! Mlango huo!" Paka wangu alitoka nje kupitia dirishani. Nikachukua hiyo kama sifa.

Nikarekodi masuto ya kutosha, nikaandika programu ndogo ya kuyapiga nyumbani tu, sikio likiwa limetulia, mbali na barabara. Kazi ya usalama niliifanya vizuri, hilo mnipe. Kisha nikaja kwenye leseni.

Leseni ya Kinyonga haina masharti mengi. Tumia utakavyo, fungua, vunja, mpe jirani. Sharti lenye meno ni moja tu: ukibadilisha kitu ukampa mwenzako, mwonyeshe ulichobadilisha. Hiyo ndiyo heshima yetu yote. Ndiyo sababu naweza kumwamini mtu wa Ajentina nisiyejua hata ana meno au hana.

Pale panapotakiwa maelezo ya badiliko, nikaandika: "Kupunguza kelele za upepo."

Zawena angenizaba kibao.

* * *

Nikaituma kwenye sikio lake, ikafanya kazi. Nilipita alasiri iliyofuata nikamkuta anafoka kama kawaida, kiuno kimeshikwa, kuku kaangalia pembeni. Akanikatia kipande cha boga la kuchemsha, nikakaa kwenye kigoda nikimsikiliza akinishinda mimi bila kujua ni mimi. Kuna raha yake hiyo. Nilikuwa narudi nyumbani naandika masuto mapya kama mtu mwenye barua za mapenzi. Moja lilihusu sketi ya kijani. Moja lilimshtaki kwa kuimba kwenye mazishi ya watu. Sidhani kama Zawena aliwahi kusema hata nusu yake, lakini yalikuwa mazuri.

Basi siku moja nikamkuta hana haraka. Amekaa, ameegemea ukuta.

"Unajua, Mbaruku," akasema, "yule mwanamke hakuwahi kuniambia neno zuri. Hata moja. Miaka yote ile."

Alisema hivyo tu, taratibu, kama mtu anayetaja mvua. Nami nikaenda nalo nyumbani, likanikaa kifuani, nikaona nina uwezo wa kulitibu. Hapo ndipo mafundi wa kujifundisha wenyewe tunapopotelea. Ukishaweza kurekebisha kipanya unaona unaweza kurekebisha kila kitu.

Nikajifunika blanketi. Nikailainisha sauti ya Zawena, nikaishusha, nikatia na kikohozi kidogo. "Mwajabu," nikasema. "Nisamehe, mwenzangu. Nilikuonea." Nikajisikiliza, machozi yakanilenga. Naapa sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, wala kwenye mzinga.

Kesho yake uwanja ulikuwa kimya. Jiko halijawashwa. Bi Mwajabu amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Zawena hajambo?" nikamtania.

"Kasema lake."

"Na wewe?"

"Mimi sina la kusema."

Nikadhani ndiyo amani imemshukia. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

* * *

Jumapili hiyo mlango wa nyuma wa duka ulisukumwa kwa fimbo. Bi Mwajabu akaingia na khanga zake za kutokea, akalivua sikio mbele ya chama kizima, akalitua mezani katikati ya nati na cheni za baiskeli.

"NAMSIFU!" Bila sikio huwa anapiga kelele. "NIFUNGULIE HILI DUDE. NATAKA KUONA NANI KAHAMIA HUMU!"

"Shemeji," nikasema, "hilo ningelitazama mimi nyumbani, kwa—"

"ANASEMAJE HUYO?"

"Anasema nilifungue," akajibu Namsifu kwa sauti kubwa, bila kunitazama, na tayari ameshika waya.

Projekta ya chama ikaujaza ukuta wa duka msimbo. Namsifu akasoma kwa kidole, akishuka pole pole. Kidole kikasimama.

"Kupunguza kelele za upepo," akasoma. "Upepo gani huu, wenye mafaili ya sauti?" Akashuka mstari mmoja. "Aliyebadilisha: Mbaruku wa Tanuri."

Shingo zote zikageuka. Nikatafuta nyuki, nikatafuta meneja, nikatafuta uongo wowote ule unaofaa. Mfuko ulikuwa mtupu. Hiyo ndiyo shida ya mfumo wa wazi, ndugu zangu. Hauna uvungu.

Namsifu akagusa faili la kwanza. Sauti yangu ikajaa dukani, nyembamba, ya puani, ikimlaumu Mwajabu kwa sketi ya kijani. Hemedi alicheka mpaka akalilia bega lake. Faili la pili, la tatu, watu wanashika mbavu. Kisha lile la mwisho likaanza, na kicheko kikakatika kidogo kidogo, mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa. "Nisamehe, mwenzangu. Nilikuonea." Namsifu akafunga.

Bi Mwajabu hakuwa amesikia kitu. Alikuwa anasoma nyuso. Akachukua sikio, akalivaa, akairekebisha khanga begani.

"Ni hilo la mwisho, siyo?" akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Hayo mengine nilishayatilia shaka. Zawena hakujua hata kama nina sketi. Nikasema, labda mashine imechanganya. Nikakubali, kwa kuwa nilitaka." Akanigeukia. "Siku anakata roho nilikuwa nimempakata. Unajua aliniambia nini? Aliniambia mto nimeuweka vibaya. Ndilo neno lake la mwisho duniani. Nikajua ni yeye mpaka mwisho, hakunidanganya. Halafu wewe unaniletea mwanamke wa kuniomba radhi."

"Nilidhani utafurahi, shemeji."

"Nilikuwa na mtu wa kugombana naye. Umenitolea, ukaniwekea mtu wa kunihurumia. Ungeniambia, 'Mwajabu, anaondoka.' Ningelia siku hiyo nikamaliza. Wewe umeniliza kidogo kidogo bila mimi kujua nalilia nini."

Hemedi alikuwa anakwangua kucha yake.

"Chama kina utaratibu," akasema Namsifu. "Aliyeficha badiliko anasimama analisoma lote, kwa sauti, mbele ya aliyempa. Mstari kwa mstari. Simama, Mzee Mbaruku."

"Na masuto?"

"Ni sehemu ya badiliko."

"Kwa sauti ile?"

"Kwa sauti ile."

Nikasimama. Mzee mzima, mjukuu wa watu wenye heshima, nikabana pua mbele ya wauza mapeasi nikafoka kama marehemu shemeji yangu. Na Bi Mwajabu, fimbo mkononi, akanisahihisha. "Panda kidogo. Hapo unasema kama shehe." Nikapanda. "Zawena hakusema 'tafadhali,' toa hiyo." Nikatoa. "Hapo sasa. Hapo umempata." Kwa kitambo kidogo tu alifumba macho. Hakuna aliyecheka.

Nikafika mstari wa mwisho.

"Huo usiusome," akasema. "Ufute."

Nikafuta, wote wakiona ukutani. Nikafuta na mengine yote. Namsifu akaandika maelezo ya kweli pale palipokuwa na upepo wangu.

"Ameondoka sasa?" akauliza Bi Mwajabu.

"Ameondoka, shemeji. Aliondoka siku ile ya marekebisho, na mimi ndiye niliyeyaandika."

Akatikisa kichwa, mara nyingi, pole pole. Akatoa ncha ya khanga akajifuta, hapo hapo, mbele za watu. Tukamwacha. Halafu akavuta pumzi, akaikunja khanga.

"Haya. Nigombeze."

"Nani, mimi? Kwa sauti ya Zawena?"

"Kwa yako. Si unao mdomo? Utakuja nyumbani kila alasiri kufanya kazi uliyomwachisha mwenzako, lakini kwa mdomo wako na mambo yako ya kweli. Anza sasa niuone uwezo wako."

Ndugu zangu, mimi niliyewapangisha nyuki foleni, nilisimama pale kinywa wazi. Masuto ya kutunga nilikuwa nayo kikapu kizima. La kweli sikulipata. Nikatafuta, nikatafuta, mpaka nikaligusa moja lililokuwa chini kabisa, nikalitoa kabla sijaogopa.

"Sukari," nikasema.

"Sukari gani?"

"Tangu kaka afe, shemeji, kila nikija chai yangu haina sukari. Unaniambia imekwisha. Na kopo naliona pale juu ya kabati. Wakija wageni wengine linashuka. Hemedi hapa ameshawekewa."

Hemedi akatazama dari.

Bi Mwajabu alinigeukia. Kisha kitu kikaanza kumpanda kutoka miguuni, nikakiona kikipita magotini, kiunoni, mpaka kikafika machoni, na macho yakawaka kama tanuri lililopata kuni kavu. Akavuta kiti, miguu yake ikakwaruza sakafuni. Akajikalisha vizuri, akaweka fimbo chini, akaitengeneza khanga.

"Hemedi," akasema, "hebu sogea hapo nimpate vizuri."

Akaanza na mambo niliyoyafanya kabla sijaingia jandoni.